Ugonjwa Nyumbani, Meli Baharini: Uchambuzi wa Kisa cha Mke wa Mwanamaji Yokosuka

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinachochambuliwa hapa kinamhusu mwanamke kutoka Pwani ya Kenya aliyebaki Japani na watoto wawili wakati mumewe, mwanamaji wa Jeshi la Majini la Marekani, alipokuwa baharini kwa miezi kadhaa. Katikati ya kipindi hicho mwanamke aliyemlea alipatwa na kiharusi huko nyumbani. Majina, mwaka, meli na mji wa asili vimeondolewa, na mambo machache yasiyogusa maana yamegeuzwa ili wahusika wasitambulike. Mke ataitwa Bi. M., mume Bw. S., na jirani aliyebaki na watoto ataitwa Bi. R.

Kisa kimechaguliwa kwa sababu familia hii haikuwa na uzembe. Ilihudhuria vikao vya maandalizi, ikatia saini karatasi ilizoshauriwa kutia saini, ikaweka akiba. Hata hivyo ilikwama, na mahali ilipokwamia ndipo panapostahili kutazamwa na familia nyingine za Afrika Mashariki zilizomo katika utumishi huo, ambazo nyingi zilifika Marekani kwa bahati nasibu ya viza na kupata uraia baada ya mmoja wao kuvaa sare.

Familia na mahali

Bw. S. alizaliwa Kenya, akahamia Marekani akiwa kijana, akajiunga na jeshi la majini na kuwa raia wa nchi hiyo. Alimwoa Bi. M. nyumbani, na baada ya taratibu ndefu za uhamiaji mke akamfuata akiwa na kadi ya ukaazi wa kudumu wa Marekani. Wakati wa kisa hiki alikuwa bado akisafiri kwa pasipoti ya Kenya. Walikuwa na binti wa miaka 7, mwanafunzi wa shule ya msingi ya kambini, na mtoto wa kiume wa miaka 2 aliyezaliwa katika hospitali ya jeshi hapo hapo Yokosuka.

Yokosuka iko katika mkoa wa Kanagawa, kusini mwa Tokyo, na ndiyo makao ya Kikosi cha Saba cha meli za Marekani. Tangu USS Midway ilipofika mwaka 1973, kambi hiyo imekuwa bandari ya nyumbani ya manowari ya kubeba ndege pamoja na meli nyingine zinazoisindikiza. Meli za huko zimewekwa karibu na eneo la kazi makusudi, kwa hiyo hutoka doria, hurudi kwa muda, kisha hutoka tena. Kwa familia, hali hiyo ina maana ya kuagana na kupokeana mara nyingi ndani ya mkataba mmoja wa miaka 3, na kila mara kupanga upya nani anafanya nini ndani ya nyumba.

Kisheria, wategemezi wa wanajeshi wanaishi Japani chini ya makubaliano ya mwaka 1960 kati ya nchi hizo mbili, yanayojulikana kwa kifupi kama SOFA. Hawasajiliwi kama wageni wengine wala hawapewi kadi ya ukaazi ya Kijapani. Kinachowatambulisha ni mhuri katika pasipoti, amri ya uhamisho ya mwanajeshi na kitambulisho cha jeshi. Leseni yao ya udereva hutolewa kambini baada ya mtihani, na magari yao hubeba herufi Y kwenye namba. Bi. M. alipita mtihani huo bila tabu, kwani Japani huendesha kushoto kama Kenya, na kwa mara ya kwanza tangu aondoke nyumbani alikuwa mjuzi kuliko Wamarekani waliomzunguka.

Walipanga nyumba nje ya kambi, kwenye mtaa wa mlimani wenye ngazi nyingi. Jirani yao, bibi mmoja mzee wa Kijapani, ndiye aliyemfundisha Bi. M. kutenga takataka kwa siku zake na kumwelewesha kwamba muziki wa vipaza sauti vya manispaa unaosikika jioni ni kengele ya kuwaita watoto nyumbani na pia njia ya kujaribu mitambo ya tahadhari.

Jambo moja la historia yake ni la lazima kulieleza. Mama mzazi wa Bi. M. alifariki yeye akiwa mdogo sana, na dada wa marehemu, yaani mama yake mdogo, ndiye aliyemnyonyesha pamoja na mwanawe, akamsomesha na kumwoza. Nyumbani hakuna aliyewahi kuhoji kwamba huyo ni mama yake. Hakuna pia aliyewahi kuliandika jambo hilo popote.

Maandalizi kabla ya meli kuondoka

Wiki chache kabla ya safari, meli iliitisha kikao cha familia. Bi. M. alikutana na mwakilishi wa familia, ambaye wanamaji humwita ombudsman. Ni mtu wa kujitolea, kwa kawaida mke au mume wa mmoja wa mabaharia, anayeteuliwa na kamanda wa meli ili awe daraja kati ya uongozi na nyumba. Utaratibu huo ulianzishwa mwaka 1970 na Admirali Elmo Zumwalt.

Katika ofisi ya sheria ya kambi, Bw. S. alitia saini hati maalumu za uwakala zilizomruhusu mkewe kushughulikia gari, nyumba ya kupanga na akaunti ya benki. Uchaguzi huo ulikuwa wa busara. Kodi ya barabara hudaiwa kila mwaka majira ya kuchipua, na ukaguzi wa lazima wa gari, ambao kule hufanywa kila baada ya miaka miwili, ulikuwa unaangukia miezi ambayo yeye angekuwa baharini. Walikubaliana pia kuhusu maneno ya kutotamka mbele za watu wala mitandaoni, yaani meli iko wapi, inaelekea wapi na itarudi lini.

Hawakuandika lolote kuhusu watoto. Jeshi la majini humtaka mzazi asiye na mwenzi, na wanandoa ambao wote ni wanajeshi, wawasilishe mpango wa malezi unaoonyesha nani atachukua watoto wakiitwa kazini. Nyumba yenye mwenzi asiye mwanajeshi haimo katika sharti hilo, kwa sababu inachukuliwa kwamba mwenzi huyo yupo na atabaki. Ndivyo familia hii nayo ilivyodhani.

Miezi ya kwanza

Meli iliondoka mwezi wa Mei. Kodi ya gari ililipwa, ukaguzi ukafanyika, na mwenye nyumba alipotaka saini ya kukarabati bomba la maji, hati ya uwakala ikatosha. Bi. M. alijiunga na wake watatu wa wanamaji wengine waliokuwa wakipokezana kuchukua watoto shuleni, na kati yao Bi. R., mzaliwa wa Ufilipino, akawa kama dada. Siku ya Idi alipanda treni na watoto hadi msikiti mkubwa wa Tokyo ulioko Yoyogi-Uehara, akaswali kati ya watu asiowajua na kurudi jioni akiwa na furaha.

Tatizo la miezi hiyo lilikuwa usiku. Saa za Japani ziko mbele ya Kenya kwa saa 6, na ndugu hupiga simu wanapopumzika, baada ya magharibi. Saa moja ya usiku nyumbani ni saa saba ya usiku Yokosuka. Bi. M. alipokea simu hizo kwa adabu kila usiku, na hakuwaambia kwamba alikuwa anaamka saa kumi na moja alfajiri kumtayarisha binti kwa basi. Alipochoka alikata mawasiliano kwa siku mbili tatu, na ukimya huo ukazaa maswali.

Maswali yalimhusu zaidi mumewe. Meli za kivita hufunga mawasiliano ya barua pepe na intaneti bila taarifa pale kazi inapodai hivyo, na hufungua bila taarifa pia. Mjomba wake Bi. M., aliyekuwa baharia wa meli za mizigo kwa miaka mingi, hakulikubali jambo hilo.

"Mumeo yuko wapi hata simu hapigi?"

"Yuko kazini, mjomba, baharini."

"Baharini wapi? Sisi tulikuwa tunasema tuko Karachi, tuko Durban. Hakuna meli isiyo na bandari."

"Siruhusiwi kusema, mjomba. Niwie radhi."

Mzee huyo hakuwa mkorofi. Alipima kwa kipimo cha meli alizozijua, na kwa kipimo hicho mkwe wake alionekana mtu anayejificha.

Wiki ya ugonjwa

Mwezi wa Septemba mama mdogo alianguka bafuni na kupelekwa hospitali. Upande mmoja wa mwili ulikuwa umepooza na maneno hayatoki vizuri. Habari zilimfikia Bi. M. usiku, katika kundi la simu la ukoo, pamoja na maombi ya mchango wa matibabu. Alituma fedha usiku huo huo kutoka katika akiba ya nyumba.

Asubuhi alimpigia mwakilishi wa familia, naye akamweleza kwamba njia ya kumfikia mwanajeshi kwa dharura ni ujumbe wa Msalaba Mwekundu wa Marekani. Shirika hilo hupokea maelezo kutoka kwa familia, huthibitisha hali ya mgonjwa kwa daktari au hospitali, kisha hupeleka taarifa iliyothibitishwa kwa kamanda. Halitoi ruhusa ya likizo, kwani uamuzi huo ni wa kamanda peke yake. Binamu wa Bi. M. alikuwa amekwisha kujaribu kupiga kutoka Kenya, lakini namba aliyopewa ilikuwa ile ya bure ya ndani ya Marekani, na haikupita. Bi. M. alifungua ombi yeye mwenyewe akiwa Japani.

Uthibitisho ulichukua siku tatu. Wodi ilikuwa na daktari mmoja wa zamu, simu zilipigwa saa ambazo hayupo, na hatimaye Msalaba Mwekundu wa Kenya ukasaidia kumpata. Daktari alieleza hali ya mgonjwa kwa usahihi, na alipoulizwa uhusiano wa mgonjwa na familia ya mwanajeshi, akasoma kilichoandikwa kwenye faili: shangazi wa mke wa mwanajeshi. Kanuni za likizo ya dharura huwahesabu wazazi wa mke au mume, na humhesabu pia mtu aliyesimama mahali pa mzazi, ila hali hiyo hutakiwa kuthibitishwa. Shangazi bila maelezo zaidi hayumo. Ujumbe ulifika melini siku ya nne, na Bw. S. hakuruhusiwa kuondoka. Alipewa nafasi ya kupiga simu moja fupi, akamwambia mkewe afanye atakaloona linafaa, kisha mawasiliano yakafungwa tena.

Uamuzi wa kusafiri

Bi. M. alikuwa na njia tatu mbele yake. Ya kwanza ilikuwa kubaki, kutuma fedha na kumwona mama kwa video. Ya pili, kwenda na watoto wote. Ya tatu, kwenda peke yake.

Njia ya kwanza aliikataa mapema, na sababu yake ni ya watu wa Pwani. Familia yake ni ya Kiislamu, na maiti huzikwa siku hiyo hiyo au kesho yake. Anayeishi Japani hawezi kuwahi maziko. Wenzake kambini walimshauri angoje aone hali inavyokwenda, ushauri ambao ungewafaa watu wanaohifadhi maiti wiki moja au mbili wakingoja ndugu kukusanyika. Kwake yeye kungoja kulikuwa na maana moja tu, kwamba hatamwona tena. Kama kuna safari, ilikuwa ni sasa, mama akiwa bado anafumbua macho.

Njia ya pili ilifungwa na karatasi. Binti alikuwa na pasipoti ya kawaida ya Marekani. Mdogo alikuwa na ile isiyolipiwa tu, ambayo jeshi huwapatia wategemezi kwa safari zinazohusiana na amri za kikazi na ambayo si ya ziara binafsi katika nchi ya tatu. Kumwombea pasipoti ya kawaida mtoto wa chini ya miaka 16 huhitaji ridhaa ya wazazi wote wawili, na mzazi asiyekuwepo hutakiwa kutia saini fomu DS-3053 mbele ya mthibitishaji. Melini maofisa wa kuthibitisha saini wapo, lakini fomu haikuwa imejazwa, na sasa hakukuwa na mawasiliano. Hati za uwakala zilitaja gari, nyumba na benki, lakini si pasipoti. Kwa mujibu wa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 mtoto huyo ni Mkenya kwa kuzaliwa, kwa kuwa mama yake ni Mkenya, lakini hakuwa ameandikishwa, na safari ya kwenda ubalozini Tokyo isingeleta hati ndani ya wiki hiyo.

Ikabaki njia ya tatu. Bi. R. alijitolea kuwachukua watoto wote. Ofisa wa sheria wa kambi alimweleza Bi. M. jambo ambalo hakulijua: yeye ni mzazi kamili, na anaweza kutoa mwenyewe hati maalumu ya uwakala inayompa Bi. R. mamlaka ya kuwapeleka watoto hospitali, kuwachukua shuleni na kusaini kwa niaba yake, bila kungoja saini ya baba. Hati ikatoka siku hiyo hiyo.

Fedha zilileta kikwazo kingine. Shirika la misaada la wanamaji, Navy-Marine Corps Relief Society, hutoa mikopo isiyo na riba kwa dharura za namna hii, na mwanajeshi anaweza kujaza mapema fomu ya idhini ili mwenzi wake akope bila yeye kuwepo. Bw. S. hakuwa ameijaza. Shirika likaanza kuitafuta meli kwa njia zake. Bi. M. hakungoja: alikata tiketi kwa kadi ya benki, kwa bei ya juu, kupitia Ghuba.

Wapo waliomwelekeza kwenye ndege za jeshi zinazochukua familia pale panapokuwa na nafasi. Kutoka uwanja wa Yokota, magharibi mwa Tokyo, ndege hizo huelekea sehemu kama Seattle, na safari yake yeye ilikuwa ya upande wa pili wa dunia.

Safari na yaliyotokea nyuma yake

Alimkuta mama akiwa hai na mwenye fahamu. Alikaa siku nane, akamwogesha, akamlisha, na akasikia jina lake likitamkwa nusu. Wajomba walimpokea vizuri lakini hawakuficha masikitiko yao kwamba amekuja bila wajukuu. Maelezo ya pasipoti hayakuwaridhisha, kwani kwao mtoto husafiri na mama yake, basi.

Yokosuka, siku ya tano, tufani ilikaribia pwani ya Kanagawa. Kambi hupandisha ngazi za tahadhari kwa hatua kadiri upepo mkali unavyosogea, na ngazi ya juu inapofika watu hutakiwa kukaa ndani. Bi. R. alikuwa na watoto wanne kwenye nyumba ya vyumba viwili. Bibi jirani wa Kijapani aliingiza vyungu na vyuma vya kuanikia nguo vya Bi. M. kabla havijageuka vitu vya kuruka hewani. Hakuna aliyemwomba. Binti alilia usiku huo akitaka kuongea na mama, na simu ilipopatikana ilikuwa mchana wa kazi hospitalini Kenya.

Wakati wa kurudi, kwenye kaunta ya uwanja wa ndege Nairobi, karani alimwambia kwamba hana viza ya Japani. Hakuwa ameona mhuri wa SOFA katika pasipoti ya Kenya. Bi. M. alitoa nakala ya amri ya uhamisho, kitambulisho cha jeshi na barua iliyoandikwa na kikosi cha mumewe kabla hajaondoka. Msimamizi aliitwa, simu zikapigwa, na akapanda ndege akiwa wa mwisho. Barua hiyo ilikuwa wazo la mwakilishi wa familia, na bila hiyo huenda angebaki.

Matokeo

Mama mdogo alifariki wiki ya pili baada ya Bi. M. kurudi, alfajiri, na akazikwa baada ya adhuhuri. Bi. M. alifuatilia kwa simu ya binamu. Wenzake walileta vyakula nyumbani kwake kwa siku tatu, na mmoja wao, ambaye hakujua desturi za matanga, aliuliza tu watu wangapi watakuja ili apike vya kutosha.

Mtoto mdogo alimkwepa mama yake kwa siku mbili baada ya safari. Binti alianza kukojoa kitandani, na mshauri wa shule akamfuatilia mpaka hali ikatulia. Mkopo wa shirika uliidhinishwa baada ya Bi. M. kurudi, ukatumika kulipa deni la kadi.

Meli iliporudi, furaha ya gatini ilidumu siku chache. Bw. S. alipojua kwamba watoto walikaa siku kumi na mtu baki, alikasirika. Bi. M. naye alimkumbusha maneno yake ya simuni. Walihitaji vikao kadhaa na mshauri wa kituo cha familia cha kambi kabla hawajaweza kuzungumza jambo hilo bila kulaumiana.

Uchambuzi

Ukitazama maandalizi yote, utaona kwamba kila karatasi iliyotiwa saini ilikabili Japani: gari la Japani, nyumba ya Japani, bomba la Japani. Na yote hayo yalikwenda sawasawa. Hakuna karatasi hata moja iliyokabili Kenya. Haya si makosa ya kikao cha maandalizi peke yake. Kikao hicho hutungwa kwa ajili ya familia ambazo wazazi wao wako Marekani, ambako namba ya bure inapita, hospitali zimezoea kupigiwa, na pasipoti haihitajiki kwenda kumwona mgonjwa. Familia yenye wazazi Malindi, Mwanza au Goma inapaswa kujiongezea yenyewe kile ambacho kikao hakikitaji.

Ujumbe wa Msalaba Mwekundu unastahili kuangaliwa kwa karibu. Uhusiano ulipotea kati ya mdomo wa familia na faili la wodi. Aliyejaza faili siku ya dharura aliandika jibu la haraka, na jibu hilo likasafiri hadi kwa kamanda. Bi. M. angeweza kueleza tangu ombi la kwanza kwamba mgonjwa ndiye aliyemlea tangu utotoni, na kuonyesha nyaraka, kama vile fomu za shule zenye jina la mlezi au barua kutoka kwa chifu. Sisemi kwamba kamanda angeamua vingine. Nasema hakupewa nafasi ya kuamua juu ya jambo lenyewe.

Kuna kasoro kubwa zaidi ya hiyo, na sikuiona mpaka nilipousoma ujumbe kwa mara ya pili. Ombi lilizungumzia mgonjwa tu. Bi. M. hakumhitaji mumewe Kenya; alimhitaji Yokosuka, na watoto. Hakuna mstari uliomwambia kamanda kwamba kuna watoto wawili ambao watabaki bila mzazi yeyote nchini. Pengine jibu lingekuwa lile lile, kwani meli iliyo kazini haimwachii mtu kirahisi, lakini uongozi ungejua mapema na huenda ungefungua njia ya Bw. S. kutia saini fomu moja.

Uamuzi wa kwenda peke yake ulikuwa sahihi kwa maoni yangu, hata kwa gharama iliyolipwa na watoto. Sababu yake ya maziko ya haraka ilikuwa na uzito kuliko shauri lolote alilopewa, na ni vizuri kwamba hakuifuata busara ya watu wenye desturi nyingine. Kilichouwezesha ni hati aliyoitoa yeye mwenyewe kama mzazi, jambo ambalo wake wengi hawalijui kwa sababu wamezoea kusikia kwamba kila saini ni ya mwanajeshi.

Bi. R. na bibi wa Kijapani hawakupatikana siku ya dharura. Walikuwa wamepatikana miezi kadhaa kabla, katika kupokezana watoto na katika mafunzo ya takataka. Mke anayejifungia ndani na simu ya nyumbani mkononi, usiku baada ya usiku, angekuwa na ndugu wengi Kenya na asiwe na wa kumwachia mtoto Japani. Simu za saa saba usiku zilimla Bi. M. nguvu alizohitaji mchana, na ukimya wake wa siku mbili tatu uliwaumiza ndugu kuliko ambavyo kauli moja ya wazi ingewaumiza.

Ghadhabu ya Bw. S. naielewa, ila sioni haki ndani yake. Alikabidhi uamuzi kwa sentensi moja, bila kusema mpaka wake. Mwanamume aliye baharini hubaki na picha ya nyumba kama alivyoiacha. Mke aliyebaki huwa ameishi miezi ya maamuzi, na hawezi kuyarudisha gatini kama mizigo.

Yaliyobadilishwa kabla ya doria iliyofuata

Mdogo alipata pasipoti ya kawaida wakati baba yupo, na baba akaacha fomu za ridhaa zilizothibitishwa, ingawa hizo hudumu siku 90 tu na inabidi zipangwe kwa kuangalia kalenda. Fomu ya idhini ya mkopo ilijazwa. Uandikishaji wa watoto katika uraia wa Kenya ulianzishwa. Binamu alipewa ukurasa mmoja kwa Kiswahili wenye jina kamili la Bw. S., cheo chake, kikosi chake na maelezo ya namna ya kufungua ombi kwa mtandao, pamoja na agizo kwamba uhusiano wa mgonjwa utajwe kwa kuonyesha nani alimlea nani.

Bw. S. alimpigia simu mjomba yeye mwenyewe, akamweleza kwamba meli ya kivita haina uhuru wa meli ya mizigo. Mzee alimsikiliza, akasema ameelewa, na hakuacha kuuliza bandari. Simu za ukoo zimehamishiwa Jumamosi, saa nane mchana za Kenya, ambapo Japani ni saa mbili usiku na watoto bado wako macho.

Wanandoa hao waliandika pia mpango wa malezi, ingawa hakuna aliyewataka waandike. Jina la Bi. R. lilikuwa la kwanza kwenye orodha. Mume wa Bi. R. amekwisha kupata amri ya kuhamia Marekani, wataondoka kabla ya mwisho wa mwaka, na nafasi hiyo kwenye karatasi bado haijajazwa.